Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruzuku na Mabanda Yetu ya Korona

Ndugu wanachama, wazee wetu mliofanya kazi mashambani, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia ruzuku tu, ile ya kuhifadhi korona (mashine za kuchakata majani ya mkonge) na mabanda yake, kwani ndiyo iliyotushughulisha mwaka mzima, na hadi leo hakuna iliyoingia kwenye akaunti yetu.

Tunachotaka kukiokoa mnakijua. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa tukizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tukiongoza duniani, kabla nyuzi za plastiki hazijaangusha bei. Singa zote hizo, yaani nyuzi za mkonge, zilipita kwenye korona. Vijana ambao hawajaiona ikifanya kazi wajue hivi: majani hulishwa upande mmoja, yakabanwa na kuvutwa hadi kwenye ngoma zenye visu butu vinavyoponda nyama ya jani huku maji yakimwagika mfululizo, na singa ikatokea upande wa pili ikiwa bado na ukijani. Kilo 100 za majani hutoa takriban kilo 4 tu za singa. Baada ya hapo ni kuanika kwenye waya, kupiga brashi na kufunga mabunda.

Katika shamba moja tulilotembelea, nusu ya mabati ya banda yamekwisha kung'olewa. Korona yenyewe bado imesimama juu ya msingi wake, na jina la Krupp, kampuni ya Kijerumani iliyoitengeneza, linasomeka ukifuta vumbi. Lakini bushi za shaba (pete zinazoshika mihimili inayozunguka) zimetolewa zote. Ndivyo inavyoanza kila mahali: shaba ina bei nzuri, kwa hiyo huondoka kwanza, kisha mabati, na mwisho linakuja lori la vyuma chakavu na mtungi wa gesi ya kukatia.

Sasa kwa nini wafadhili hawatusikii? Si kwamba wanadharau viwanda. Tatizo ni umiliki. Mfuko wa Mabalozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa mwaka 2001, kwa kanuni zake hautoi fedha kwa mali ya mtu binafsi au ya kibiashara. Msikiti wa kale ni wa jamii, boma la Wajerumani ni la serikali, lakini korona ni ya kampuni. Tukiandika maombi mazuri namna gani, swali la kwanza litakuwa: hiyo mali ni ya nani?

Jinja, Uganda, wameweza. Stesheni ya zamani imekuwa makumbusho ya reli, na Umoja wa Ulaya ukachangia, kwa kuwa reli ni ya umma. Lakini mfano unaonitia moyo zaidi uko mbali: Humberstone na Santa Laura, katika jangwa la Atacama nchini Chile. Hapo palisafishwa nitrati ya mbolea hadi nitrati ya kutengenezwa viwandani ilipoua biashara hiyo, kama yaliyotupata sisi. Palibaki mbao zinazooza, mabati yaliyolika kwa kutu na wezi wa vyuma. Mwaka 2005 UNESCO iliuingiza mji huo wa viwanda kwenye Urithi wa Dunia, na papo hapo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wakakarabati na kuimarisha ulinzi, na mwaka 2019 ukaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tuanze na wenye mashamba. Tuwaombe makubaliano ya maandishi: kampuni ibaki na ardhi yake, banda na mtambo viwekwe chini ya uangalizi wa jamii kwa muda mrefu, na Idara ya Mambo ya Kale ihusishwe tangu mwanzo. Ruzuku ya kwanza iwe ndogo, ya paa na uzio. Mashine iliyo kavu inaweza kusubiri fedha nyingine, iliyo kwenye mvua haiwezi.

Wapo waliotushauri tung'oe mitambo tufanye kumbi za harusi, ili mabanda yajilipe. Mimi sikubali. Ukiondoa korona unabaki na paa na nguzo, na hakuna mfadhili wa urithi atakayelipia hilo.

Pamoja na hayo, tuanze kurekodi. Wazee waliolisha korona, mafundi waliofunga mikanda, akina mama waliokuwa kwenye brashi: sauti zao zichukuliwe sasa, wakiwa na nguvu. Mwenye kadi ya kipande (ya kuhesabia siku za kazi) ya baba au babu yake, au picha ya kambi, ailete ipigwe picha kisha arudi nayo nyumbani. Kazi hii haihitaji mfadhili, na maombi yoyote ya ruzuku yatakuwa na uzito zaidi yakiwa na kumbukumbu hizo.

Rasimu ya makubaliano na wenye mashamba inagawiwa sasa. Naomba katibu aisome kifungu kwa kifungu kabla hatujapiga kura.