Pampu, kidonge na sindano: barua kwa Baba Kulwa

Kirumba, Mwanza

Kwako Baba Kulwa,

Salaam nyingi kwako na kwa mama Kulwa. Huku hatujambo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na nakujibu kwa maandishi kwa sababu jambo lenyewe lina hesabu, na hesabu ya mdomoni hupotea njiani.

Umesema mawili. La kwanza ni lile la kijiweni, kwamba wale waendesha baiskeli wa Ulaya "wana pumu ya karatasi", yaani ya cheti cha daktari tu ili waruhusiwe dawa, na kwamba Chris Froome, bingwa wa Tour de France, aliponea chupuchupu alipokutwa na dawa ya pumu kupita kikomo. La pili umelitaja kwa kupita tu, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu: kwamba yule kijana wenu wa baiskeli wa Kisesa anayekohoa akimaliza mazoezi, kuna mtu amemshauri anunue vidonge vya salbutamol, dawa ya kufungua kifua chenye pumu, duka la dawa ameze kabla ya mashindano, "maana ni dawa ileile ya pampu".

Tupige hesabu. Mpulizo 1 wa pampu ya bluu, ile ya kuvutia dawa ya pumu, una maikrogramu 100 za salbutamol. Kidonge cha kawaida ni miligramu 4, yaani maikrogramu 4,000. Kidonge kimoja ni sawa na mipulizo 40. Halafu tofauti haiishii kwenye kiasi. Pampu inaipeleka dawa kwenye mirija ya hewa, mahali palipobana. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, potasiamu ya damu inashuka. Mwambie huyo mshauri amtazame kijana akipanda mlima na moyo ambao tayari umeshasukumwa na dawa, kisha aseme tena ni dawa ileile.

Sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, zinafuata njia hiyohiyo ya mawazo. Salbutamol ya kuvuta kwa pampu inaruhusiwa, mwisho maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na ndani ya saa 8 zozote usizidi 600. Ni mipulizo 16 kwa siku, 6 kwa kila saa 8. (Enzi za kesi ya Froome kikomo cha pili kilikuwa 800 kwa saa 12, kilibadilishwa 2022.) Ndugu zake wa pampu nao wana kikomo: formoterol ya kuvuta mwisho ni maikrogramu 54 kwa saa 24, salmeterol 200. Kidonge, sharubati au sindano ya dawa hizo havina kipimo kinachoruhusiwa bila kibali cha matibabu. Terbutaline, ndugu yao mwingine, inahitaji kibali hata ikiwa ya pampu, na hapo ndipo mwendeshaji Mwingereza Simon Yates alipokwama 2016: daktari wa timu hakumwombea kibali, kijana akafungiwa miezi 4, ingawa dawa yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye fomu ya kipimo.

Kwa hiyo hiyo "karatasi" mnayoisema kijiweni, kwa pampu ya bluu haipo. Tangu 2010 mwendeshaji akitumia salbutamol ndani ya kikomo haombi kibali kwa mtu yeyote. Ukitaka kulalamika, lalamikia hilo, kwamba anaruhusiwa kuvuta hata ambaye hana pumu. Ila faida yake iko wapi? Tafiti zilizowapima wanamichezo wazima kifua kwa dozi za kawaida za pampu hazioni nyongeza ya maana kwenye safari ndefu za uvumilivu. Mapafu ya mtu mzima kifua hayajabana, utafungua nini? Dozi kubwa, hasa za kumeza, ndizo zinazoonyesha dalili za kuongeza nguvu za misuli. Ndiyo maana kikomo kipo.

Na kwamba ni wengi mno wenye pumu, hilo lina sababu yake. Mimi na wewe tukikaa tunapitisha hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Mwendeshaji mkubwa akiwa mlimani anapitisha 150 na zaidi, na anavuta kwa mdomo, hewa haipati nafasi ya kupata joto na unyevu puani. Mirija inakauka, chumvi ya ule unyevu wa ndani inapanda, chembe za ukuta zinakasirika na misuli inabana. Rudia hivyo saa 5 kwa siku, miaka 10, na chavua ya majira ya kuchipua, vumbi na moshi wa magari juu yake. Baadhi yao mchezo wenyewe ndio uliowapa kifua hicho.

Sasa Froome. Tarehe 7 Septemba 2017, baada ya hatua ya 18 ya Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mkojo wake ulikutwa na nanogramu 2,000 kwa mililita. Kikomo ni 1,000, na maabara hairipoti kosa mpaka ifike 1,200. Habari ilivuja Desemba, na mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 2018, shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, likafunga kesi siku chache kabla ya Tour. Kijiweni mnasimulia 2,000 mnaishia hapo. Kuna namba ya pili: mkojo ule ulikuwa mzito, wa mtu aliyekaukiwa maji, na ukiurekebisha kwa uzito wake unashuka hadi takriban 1,430. Bado uko juu, lakini si maradufu tena.

Mkojo ni mizani mbaya kwa dawa hii, na nitakuambia kwa nini. Sehemu kubwa ya mpulizo haifiki mapafuni. Inagonga koo, inamezwa, na kutoka tumboni inaingia kwenye damu kisha figo. Kinachoonekana kwenye chupa ya kipimo kinategemea alivuta saa ngapi mara ya mwisho, alikunywa maji kiasi gani, alikwenda haja lini, na figo zake zilivyo. Watu 2 wakivuta mipulizo ileile wanaweza kutoa namba zilizo mbali kabisa. Froome alisema kifua kilizidi kubana wiki ile na daktari wa timu akamwongezea dozi. Inawezekana kabisa kwamba hakuvuka mipulizo 16, na inawezekana alivuka. Namba ile peke yake haikupi jibu, na wanasheria wake walilijua hilo.

Hapo kwa wanasheria nakupa haki yako yote. Mwitaliano Petacchi alikutwa na 1,320 kwenye Giro, mbio kubwa za Italia, ya 2007. Mahakama ya michezo ilikubali kwamba hakukusudia kujiongezea nguvu, alivuta kupita kiasi tu, na bado ikamfungia na kumfutia ushindi. Mwenzake Ulissi, Giro ya 2014, alikutwa na 1,900 akakaa nje miezi 9. Froome, aliyekuwa na timu tajiri na wataalamu wa kuichambua mizani, akatoka bila adhabu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ila ona kosa liko wapi: pengine wale wawili walihukumiwa kwa mizani mbovu, na wa tatu tu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuionyesha kuwa ni mbovu.

Wewe unakasirikia pampu. Mimi ningekasirikia sindano. Bradley Wiggins, aliyekuwa timu moja na Froome, ya Sky, alikuwa na vibali halali vya triamcinolone, steroidi ya sindano, miligramu 40 kwenye msuli, kwa ajili ya mzio wa chavua: mwishoni mwa Juni 2011, mwishoni mwa Juni 2012, na Aprili 2013. Tazama kalenda. Ya 2011 na 2012 ni siku chache kabla ya Tour, ya 2013 ni kabla ya Giro. Steroidi ya aina hiyo ikiingia mwilini kwa sindano inakaa wiki nyingi, na waendeshaji waliowahi kuitumia vibaya wameeleza kwamba inayeyusha uzito huku nguvu ya miguu ikibaki. Kwenye mlima, kilo 2 pungufu ni mali. Wiggins amekana kila mara kwamba alitafuta faida. Kamati ya bunge la Uingereza, Machi 2018, ilisema timu ilivuka mstari wa maadili ingawa haikuvunja sheria. Tangu 1 Januari 2022 sindano zote za steroidi zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na ile triamcinolone ya kwenye msuli inatakiwa iachwe siku 60 kabla. Hiyo sheria ilichelewa mno.

Turudi kwa kijana wa Kisesa. Hapa usinipite haraka.

Kwanza ajue ana nini. Pumu ya mazoezi hupanda dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama, kifua kinabana, anapiga mluzi akitoa pumzi, na ndani ya saa 1 hivi inatulia. Kama sauti inatoka kooni akivuta ndani, katikati ya juhudi, na inakwisha dakika chache tu akisimama, hiyo huenda ni koo linalojifunga, na pampu haitamsaidia hata akimaliza kopo zima. Kama amekohoa wiki 2 mfululizo, kabla ya yote apimwe makohozi ya kifua kikuu. Hospitalini wamwombe apulize kwenye spirometa: wanapima hewa anayoitoa kwa nguvu ndani ya sekunde 1, wanampa salbutamol, wanasubiri dakika 15, wanapima tena. Ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200, pumu inaonekana. Akipimwa siku nzuri inaweza isionekane, basi apimwe akitoka kukimbia.

Akipewa pampu, umfundishe mwenyewe, maana wengi wanapulizia ulimi. Tikisa kopo. Toa pumzi yote. Anza kuvuta taratibu, ubonyeze pale pale unapoanza, uendelee kuvuta hadi kifua kijae, uzuie kwa sekunde 10. Subiri nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Kabla ya mazoezi mipulizo 2, dakika 15 mapema, inatosha.

Asipoweza kuoanisha mkono na pumzi, mtengenezee chupa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, ubandike chini kwenye kitako cha chupa uyeyushe tundu la kipimo kilekile. Hapo ndipo watu huharibu: wanakata kwa kisu, tundu linakuwa kubwa, dawa inavujia pembeni. Liwe la kubana, na pembezoni uzibe kwa gundi. Osha kwa maji ya sabuni ya vyombo, uiache ijikaushe yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata chaji ya umeme na dawa inanata ukutani. Mpulizo 1 kwa wakati, avute kwenye mdomo wa chupa. Akijaza miwili pamoja, chembe zinagongana na kuanguka chini.

Akiona anahitaji pampu ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, au anaivuta kila siku kabla ya kutoka, inaanza kupoteza kinga yake. Atahitaji pampu ya steroidi ya kuvuta, beclomethasone au budesonide, asubuhi na jioni, na asukutue mdomo kila mara asije akaota utando mweupe. Hiyo ya kuvuta kwa dozi za kawaida inaruhusiwa michezoni, msiichanganye na sindano ya Wiggins. Na apashe mwili vizuri: dakika 10 hadi 15 na mbio fupi za kasi humpa kinga ya saa 1 au 2 bila dawa. Pia abadili barabara. Kuendesha nyuma ya malori ya kokoto kuelekea Usagara mwezi wa nane ni kujitafutia.

Jambo moja la mwisho, na ni la kwetu hasa. Huyo Froome unayembishia alizaliwa Nairobi, na kabla ya kushinda Tour hata moja alikutwa na kichocho. Kwa muda mrefu aling'aa siku moja, siku ya pili miguu imekufa, na hakuna aliyejua kwa nini. Nimeona kwenye picha ulizotuma vijana wako wanaosha baiskeli pale ufukweni Igombe, maji yamefika magotini, kwenye nyasi na konokono. Kama kijana wa Kisesa anachoka kuliko anavyobana, apimwe choo na mkojo na wingi wa damu. Praziquantel, dawa ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ale kwanza, na baiskeli waoshee kwa maji ya bomba.

Ukija Mwanza uje naye. Mwambie alete na hilo kopo lake la sasa, na aniambie alilinunua lini. Lina mipulizo 200, na likiisha dawa bado linatoa hewa, mtu anadhani anavuta kumbe anavuta upepo. Kulitikisa hakusemi kitu. Ahesabu.

Wako,
Baba Neema