Barua kwa Mama Neema kuhusu mguu wake

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Nansio? Sisi huku hatujambo. Watoto wamefungua shule, na baba yao amerudi salama kutoka Sengerema. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia nimeusikiliza na kuurudia, nikaona bora nikuandikie uusome taratibu, kisha umpe na Baba Neema, kwa sababu mambo ya mguu wako hayatoshi kwenye simu.

Umeniambia kwamba vidonge vya kuzuia damu kuganda uliacha zamani, mara tu mguu ulipopungua. Umeniambia pia kwamba tangu Baraka aanze kutembea, mguu ule ule wa kushoto unavimba kila ukirudi kuuza dagaa, asubuhi unapungua, na ngozi ya karibu na kifundo inawasha na imeanza kuwa nyeusi. Halafu shangazi anasema umekanyaga kitu ulichotegewa, upelekwe kwa mganga.

Mama Neema, hakuna aliyekutegea. Mguu wako unaendelea na ugonjwa ule ule uliokulaza wodini wiki ya pili baada ya upasuaji wa kumzaa Baraka, yaani donge la damu kwenye mshipa wa mguu.

Damu inashuka miguuni kwa nguvu ya moyo. Kurudi juu ndiyo kazi. Inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapopiga hatua, na ndani ya mishipa inayoirudisha, yaani vena, kuna vali ndogo ndogo zinazofanya kama lango la zizi: zinafunguka kuelekea juu tu, damu ikitaka kurudi chini zinafunga. Donge la damu likikaa humo ndani, mwili unaliyeyusha polepole kwa wiki na miezi, lakini unaacha makovu, na vali zilizoguswa na makovu hazifungi tena sawasawa. Damu inatuama. Ukisimama sokoni kutwa, uzito wake wote unakaa kifundoni, maji yanavuja kwenye nyama, na chembe za damu zikivuja zinaacha rangi ile nyeusi. Katika watu kumi waliopata donge kwenye vena kubwa ya mguu, wawili hadi watano hupatwa na hali hii baadaye. Ikiachwa bila kutunzwa, huishia kwenye kidonda juu ya kifundo, upande wa ndani. Vidonda hivyo nimevifunga bandeji kwa mikono yangu, vingine vina umri mkubwa kuliko Neema wako, na sitaki kabisa wewe ufike huko.

Upande wa pili wa jambo hili ndio ulionifanya nishike kalamu. Vena mbovu huletwa na donge, na vena mbovu nayo huita donge jingine, kwa sababu damu iliyotuama huganda kwa urahisi. Daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alieleza mambo haya mwaka 1856, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa sababu tatu za donge: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Wewe ulipojifungua ulikuwa nazo zote. Mimba ilikandamiza vena za nyonga, hasa za kushoto, ambako mshipa unaopeleka damu mguu wa kulia hupita juu ya vena na kuibana. Upasuaji uliumiza mishipa. Na damu ya mjamzito huwa tayari kuganda ili asivuje sana akijifungua, hali inayoendelea wiki sita za mwanzo baada ya uzazi na zaidi. Ndiyo maana wazazi wengi hupata donge wakiwa tayari wamerudi nyumbani, ndugu wanadhani ni uchovu wa kulea.

Sasa naomba unisamehe, nitataja yale tusiyoyataja. Kati ya Neema na Baraka ulipoteza mimba mbili, na ile ya pili ilikuwa imefika miezi mitano. Mtu aliyepoteza mimba kubwa hivyo bila sababu kujulikana, kisha akapata donge, anatakiwa kupimwa kama mwili wake unatengeneza kinga zinazoshambulia mwili wenyewe na kuifanya damu igande ovyo, hata kwenye kondo la nyuma linalomlisha mtoto. Hali hiyo ipo, ina vipimo vyake, na jibu likitoka ndiyo, kipimo kinarudiwa baada ya wiki 12 zisizopungua ndipo daktari athibitishe. Sisemi unayo. Nasema hakuna aliyekupima, na mimba zile zililiwa na maneno ya watu badala ya kuchunguzwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nalisisitiza kwa sababu umesema mnafikiria mtoto mwingine. Usishike mimba kabla ya kuonana na daktari. Warfarini, vile vidonge ulivyokuwa ukimeza, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, ila zipo sindano za heparini, nazo za kuzuia damu kuganda, ambazo hazivuki kwenda kwa mtoto. Na wenye tatizo hilo la kinga wakipewa heparini pamoja na aspirini ya kiwango kidogo, wengi wao huzaa salama. Huoni ni habari njema hiyo?

Hitilafu nyingine ni za kurithi. Wazungu wana moja iliyogunduliwa mwaka 1994 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Karibu watu 5 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya wanayo, lakini kwetu ni adimu mno. Huku tunauliza zaidi kuhusu selimundu, ambayo kanda yetu ya ziwa inayo kwa wingi, na VVU, kwa kuwa vyote viwili huongeza kuganda kwa damu. Muulize mama yako kama kwenu kuna aliyevimba mguu mmoja ghafla au kufa kwa kukosa pumzi akiwa bado kijana. Andika majibu, daktari atayataka.

Kuhusu dawa, nikuondolee fikra moja. Warfarini haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue na lisizae jingine wakati mwili unafanya kazi yake, ndiyo maana tunasema miezi mitatu kwa uchache hata mguu ukipendeza vipi. Lakini vile vilivyobaki kwenye kopo usivirudie kwa akili yako! Ufanyiwe kwanza ultrasaundi ya mishipa ya mguu, ionekane kama kuna donge jipya au ni vali tu. Wakikurudishia dawa, damu itapimwa mara kwa mara, na namba inayotafutwa, ile inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa kawaida ni kati ya 2 na 3. Kisamvu na mchicha kula kama ulivyozoea, usiache ghafla wala usizidishe ghafla, maana mboga hizo zinapunguza nguvu ya dawa. Kwenye duka la dawa usinunue diklofenaki, wala Flagyl, wala Septrin, bila kusema unameza warfarini. Dawa hizo zikikutana unaweza kutokwa damu hadi ukapoteza maisha.

Na vidonge vya uzazi wa mpango unavyomeza, vipeleke kliniki kesho wavitazame. Vingi vina homoni ya estrojeni, na estrojeni kwa mtu aliyewahi kuganda damu haifai. Omba wakubadilishie, kijiti hakina estrojeni, na kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote.

Mguu usichuliwe, si na mafuta ya samaki wala na mti wa mganga, mpaka ijulikane hakuna donge. Sokoni tafuta kiti, na ukikaa inua visigino na kuvishusha, damu ipande. Usiku weka mto chini ya miguu. Soksi za kubana ninazo hapa, ila lazima kwanza mapigo ya unyayo yapimwe, kisha zivaliwe kitandani kabla hujakanyaga chini, mguu ukiwa bado mwembamba. Ukingoja mpaka saa nne asubuhi hazipandi, utazichana kwa kucha. Hazirudishi vali, zinapunguza tu uvimbe na maumivu, na kwa mtu anayesimama kutwa si haba.

Mguu ukivimba ghafla kuliko kawaida, ukawa na moto na kuuma, usisubiri. Na kama kifua kitachoma unapovuta pumzi, au pumzi ikawa fupi ghafla, au ukakohoa damu, au ukazimia, hapo Baba Neema akukimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, hata kwa bodaboda. Donge linakuwa limepanda mapafuni.

Anza na daktari wa hapo Nansio wiki hii, akuandikie rufaa ya kuja hospitali ya Bugando. Kwenye meli usikae tu mpaka Mwanza. Simama, tembea sitahani, kunywa maji. Njoo na kadi ya kliniki ya Baraka, karatasi uliyopewa ulipotoka wodini, na kopo la vidonge lenyewe. Baraka njoo naye, bado ananyonya. Neema abaki na bibi yake asikose shule. Ukishajua siku niambie mapema, nibadilishane zamu, nije kukupokea bandarini.

Rafiki yako,
Mama Kulwa