Josephus asinukuliwe nusu nusu, na Nikea isisingiziwe

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikera sana. Pasaka ikikaribia tu klipu zinaanza kuzunguka WhatsApp, huku mhubiri anasema hata Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 ambaye wala hakuwa Mkristo, alikiri Yesu ndiye Kristo na alifufuka siku ya tatu, kule mwingine anamjibu kwamba Injili zote zilitungwa kwenye mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Nikea mwaka 325 kwa amri ya Konstantino, mfalme wa Roma. Wote wanapigiwa makofi na wote wanapotosha watu.

Nianze na Josephus. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 37, ukoo wa makuhani, na kitabu chake cha Mambo ya Kale ya Wayahudi alikimalizia Roma kama mwaka 93 hivi. Sehemu ya 18 kweli kuna aya inasema huyu alikuwa ndiye Kristo na aliwatokea wafuasi wake siku ya tatu akiwa hai. Sasa jamani, Myahudi anayeandika hivyo si angekuwa keshabatizwa? Na anayetushtua ni Mkristo mwenzetu, Origen, msomi wa karne ya 3 aliyemsoma Josephus, yeye anasema wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa ndiye Kristo. Halafu karne ya 4 Eusebius, askofu aliyeandika historia ya Kanisa, anainukuu aya hiyo ikiwa na maneno yote. Nakala za Kigiriki za sehemu hiyo tulizonazo leo hakuna iliyo ya kabla ya karne ya 11, na walionakili ni Wakristo. Ndo maana wasomi wengi wanaona Josephus alimtaja Yesu kweli, na kusulubiwa kwake chini ya Pilato, ila kuna maneno yamechomekwa na wanakili.

Lakini hapo ndo wengine wanarukia kusema basi tupa kote, Josephus hafai. Hapana. Nenda sehemu ya 20, anasimulia kuhani mkuu Ananus alivyotumia mwanya, liwali wa Kirumi Festo amekufa na wa kuchukua nafasi yake yuko njiani, huo ni mwaka 62, akamshtaki Yakobo ndugu wa Yesu aitwaye Kristo, akapigwa mawe, watu wakalalamika na Ananus akapoteza ukuhani mkuu. Hakuna sifa wala mahubiri pale, shida ya Josephus ni huyo kuhani, Yakobo anapita tu. Mimi kasentensi kadogo kama hako nakaamini kuliko ile aya ya sehemu ya 18 yenye mapambo, maana mtu wa kuchomeka asingeacha Yesu atajwe kwa juu juu vile. Na Paulo kwenye Wagalatia 1, barua ya miaka ya 50, anasema alikaa na Kefa, yaani Petro, siku 15 na akamwona Yakobo ndugu wa Bwana. Ni watu wawili wasioandika kwa kupatana, wanamtaja mtu yuleyule.

Hiyo ya Nikea ndo haina miguu kabisa. Maaskofu walibishana kuhusu Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na tarehe ya Pasaka, katika zile kanuni zao 20 hakuna inayopanga vitabu vya Biblia. Askofu Irenaeo kama mwaka 180 keshazitaja Injili nne kwa majina, na kuna kitabu cha papiri, karatasi ya kale ya mafunjo, chenye barua za Paulo ambacho wataalamu wanakiweka karibu mwaka 200, Konstantino hajazaliwa. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo tunaikuta kwa Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, na kabla yake ubishi ulikuwepo, tena mkubwa tu.

Wachungaji nao waache kuficha. Marko 16:9-20 haimo kwenye nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, na Biblia nyingi za siku hizi zinaweka mabano au maelezo pembeni. Muumini akilisikia hili kanisani kwake anauliza maswali yake anaelewa, ila akilikuta kwa mara ya kwanza kwenye mdahalo wa barabarani anaondoka pale anahisi kaibiwa.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili, barua ikija inamtaja Josephus au mtaguso wowote, mwandishi aambiwe ataje ni kitabu cha ngapi na aya ipi ndipo ichapwe, tukitaka kukagua tuweze.

Msomaji wenu, Tanga