Binamu, mataruma yale hayakuwa kuni

Binamu,

Mama kaniambia umepata mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni, pale Mikindani. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa.

Pesa sikuonei kijicho. Una watoto, na Dar kila kitu ni kununua. Wala sijasahau ni nani aliyenilipia ada nilipofiwa na baba.

Lakini ile arubaini ya mjomba, binamu. Kuni zilipungua, pilau liko jikoni, ukachukua shoka ukaiendea mashua aliyoiacha mjomba haijakamilika. Mkuku wa dhiraa 16, ule uti wake wa chini, umeshalazwa, na mataruma, mbavu zake zile, kayaegemeza kwenye mkorosho. Ukayapasua. Unajua kabisa taruma halichongwi kwenye ubao ulionyooka. Nyuzi za mti zikikatika pale penye kona, dhoruba moja ya kusi inalivunja. Ndiyo maana alikuwa akiingia porini kutafuta tawi lililojipinda lenyewe, analipima kwa jicho, anarudi nalo jioni kwenye baiskeli. Moja moja. Lile la mwembe lilikuwa bado na mstari wa mkaa aliouchora mwenyewe, wa kuonyesha tezo yake ya kuchongea ipite wapi. Niliuona ukiingia chini ya sufuria.

Baba yako yule! Mimi ni mpwa tu, ingawa kwetu huku wajua mjomba ni nani.

Utauliza mbona nilinyamaza. Nilikuwa napokea wageni. Ningekugombeza mbele ya wazee, siku ya hitima? Na pilau nilikula, ndiyo. Ningelikataa wangeuliza kulikoni. Najua pia utasema siku hizi naziba boti za faiba. Ndizo wanazoleta wavuvi, na mninga haushikiki kwa bei. Ila mashua ikija naikalafati kama alivyotufundisha, pamba iliyolowa mafuta, unaigonga kwenye mshono mpaka mlio wa nyundo ubadilike. Alikuwa akitufumba macho tuusikilize. Wewe ulipatia kila mara. Mimi nilibahatisha.

Usiuze, binamu. Ukizidiwa, uza upande wa barabarani, uniachie pale maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yanapofika. Bila hapo chombo hakipandi wala hakishuliwi majini, na mimi nitakuwa fundi wa wapi?

Mkuku upo, nimeufunika kwa makuti. Matawi nimeanza kuyatafuta, ninayo manne.

Tezo yake unayo wewe. Mpe dereva wa basi ailete.