Majengo ya zamani ya Moshi yalindwe kwa upande wa barabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu duka moja la zamani la ghorofa, hatua chache kutoka Soko Kuu hapa Moshi, lilipovunjwa ili kupisha fremu mpya za biashara. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikitazama milango ya mbao ya kukunja ikirushwa juu ya fuso pamoja na mabati makuukuu, na ule urembo wa lipu wa juu ya mlango, wenye mwaka wa ujenzi, ukianguka na kupasuka. Mwenye jengo hakuvunja sheria yoyote.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilipotungwa ilitoa kinga ya moja kwa moja kwa majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mpaka huo unaifaa Kilwa. Moshi hii ya chini, ambayo Wajerumani waliihamia kutoka Old Moshi kule mlimani, ni mtoto wa reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911, na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yenye baraza na roshani yalifuata baadaye. Yote yamezaliwa yakiwa yamechelewa.

Mwaka juzi nilimtembelea binti yangu anayesoma katika jiji la Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, akanipeleka kwenye mtaa uitwao Old Louisville, wenye vitalu vipatavyo 48 vya nyumba ambazo nyingi zilijengwa mwishoni mwa enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1901. Sehemu ya eneo hilo ilikuwa uwanja wa maonyesho makubwa yaliyofanyika kuanzia mwaka 1883 hadi 1887, yakiangazwa na taa 4,600 za umeme za Thomas Edison wakati ambapo watu wengi duniani hawakuwa wameiona taa ya umeme hata moja. Maonyesho yalipokwisha uwanja ulikatwa viwanja, na matajiri wakajenga. Mimi ni fundi mwashi mstaafu, kwa hiyo nilitazama kuta kuliko nilivyotazama wenyeji: mawe yaliyoachwa na sura yake ya machimboni, matao ya duara yaliyofungwa kwa jiwe la kati bila nondo, minara ya pembeni, na vioo vya rangi juu ya ngazi. Zipo hata nyumba zinazotazama njia ya waenda kwa miguu badala ya barabara ya magari.

Nilichojifunza zaidi ni namna zilivyosalimika. Matajiri walipohamia pembezoni mwa jiji, majumba mengi yaligawanywa vyumba vya kupangisha. Jumba la Theophilus Conrad, aliyetajirika kwa kutengeneza ngozi, lilipata mmiliki mwingine, likawa makao ya wazee, na leo ni makumbusho. Baadhi ya nyumba zilibomolewa, lakini mwaka 1973 jiji liliunda tume ya majengo ya kihistoria, na anayetaka kubadili sura ya nje ya nyumba iliyo katika eneo lililolindwa huomba idhini kwanza. Ndani yuko huru. Aweke jiko la kisasa, aweke gipsam, hiyo ni juu yake.

Naiomba Halmashauri ya Manispaa ya Moshi iige kanuni hiyo katika vibali vya ujenzi vya mitaa michache tu inayozunguka Soko Kuu na kituo cha reli. Mwenye duka aruhusiwe kuongeza fremu nyuma na ghorofa iliyorudi ndani, mradi ukuta wa barabarani, baraza na mwaka wake vibaki. Najua gharama itatajwa. Ukarabati wa ukuta wa chokaa si ghali kama inavyodhaniwa, ila mafundi wengi wa sasa huuziba kwa saruji tupu, maji yakanaswa ndani na lipu ikabanduka baada ya masika mawili, kisha jengo huhukumiwa kuwa bovu. Manispaa ikinihitaji, niko tayari kuwaonyesha vijana uchanganyaji wa chokaa bila malipo.

Fundi mwashi mstaafu,
Kiusa, Moshi.