Baba, reli ya upana wa mita moja ipo mpaka Uswisi

Shikamoo baba, shikamoo mama. Dogo naomba uwasomee taratibu, usirukeruke kama kawaida yako, na mzee akisema rudia hapo, rudia. Mimi mzima kabisa, mitihani imeisha, nimerudi Nürnberg juzi usiku nikalala mpaka saa sita mchana. Mama zile siku nilikuwa sipatikani nilikuwa Uswisi, laini yangu ya Ujerumani inakubali karibu Ulaya yote ila ukivuka kuingia kule inagoma maana wale hawamo kwenye Umoja wa Ulaya, sio kwamba nilikuwa naumwa nawaficha.

Mzee najua cha kwanza utauliza hela ilitoka wapi. Ni ile ya kazi ya ghalani wikiendi, ya muhula nimeshalipa ndio nikagusa iliyobaki, na wala sio nyingi. Huku treni ukikurupuka kununua tiketi siku hiyohiyo unalia, ila ukishajua njia zao unafika mbali kwa hela kidogo. Kuna pasi inaitwa Interrail, ipo toka 1972, unalipa mara moja unapanda treni za nchi 33, na kama hujazidi miaka 27 unapunguziwa. Mimi naruhusiwa kuinunua kwa sababu nina kibali cha kukaa huku, mtu akitokea hapo Tabora moja kwa moja yeye atanunua Eurail, kitu ni kilekile jina tu ndio tofauti. Nikachukua ile ndogo kabisa ya siku 4 ndani ya mwezi, yuro mia mbili na ushee. Siku kwao ni mpaka saa sita usiku, ndani ya siku hiyo hata upande treni kumi shauri yako, na ukipanda treni ya usiku inahesabiwa ile siku uliyoondokea tu. Sasa hapo ndio pa kutumia akili, maana usiku mmoja kwenye treni ni usiku mmoja hujalipa kitanda.

Lakini ina ujanja wake ile pasi. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania lazima ubuki siti na siti unailipia pembeni, pasi unayo na bado unatoa hela. Kwa hiyo nikachora njia yangu kwa kukwepa hizo, Austria, Hungaria, Uswisi, kule mchana unaingia unakaa tu. Mama wakikuuliza mbona mwanao hana picha ya ule mnara wa Paris waambie hakuwa na hela ya siti.

Na ndani ya nchi unayoishi pasi inakuruhusu kutoka mara moja na kurudi mara moja basi, ila mimi hata hiyo sikuitumia. Kuna tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ilianza 2023 kwa yuro 49 sasa hivi imefika 63, inapanda treni zote za kawaida zisizo za kasi za masafa marefu, na uzuri wake inakufikisha mpaka Salzburg ambayo ni Austria tayari. Nikatoka Nürnberg asubuhi, München nikabadilisha, mchana nipo Salzburg na sijagusa pasi. Baba kumbe huu mji ninaokaa ndio treni ya kwanza ya Ujerumani ilianzia hapa, 1835, Nürnberg kwenda Fürth, kilomita 6 tu! Siku ukija nakupeleka makumbusho ya reli, wewe mstaafu wa reli hutatoka mle mpaka wafunge.

Salzburg kwenda Vienna kuna treni nyekundu zinaitwa Railjet, kuna skrini inaonyesha spidi, ikafika kilomita 230 kwa saa, SGR yetu ni 160 na watu wanashangilia. Haitikisiki, chai haimwagiki. Mimi kusema ukweli nilisinzia. Vienna nilifika Jumapili, maduka yote yamefungwa, Austria na Ujerumani Jumapili ni hivyo, ukitaka mkate nenda stesheni kubwa ndio kunakuwa na supamaketi imefunguliwa na foleni yake sio ya nchi hii. Maji nilikuwa nakinga ya bomba, Vienna maji yao yanatoka milimani kwa mabomba toka 1873, matamu na ya bure, kununua maji ya chupa pale ni kuchezea hela. Na choo mama, stesheni nyingi choo ni hela, yuro moja nzima, kwa hiyo unamaliza shida zako ndani ya treni kabla hujashuka. Najua unacheka ila ndio hesabu zenyewe hizo.

Budapest kuzuri na bei zake nafuu, wanatumia hela yao inaitwa forinti, nilikula nikashiba mara ya kwanza toka nitoke Nürnberg. Sina mengi ya Budapest, joto lilikuwa kali nilikaa sana ukingoni mwa mto Danube, jioni nikaenda stesheni ya Keleti, jengo la 1884, kupanda treni ya usiku kwenda Zürich.

Treni za usiku lazima kubuki hata kama una pasi. Kuna vitanda na kuna siti, mimi nikachukua siti. Chumba kimoja watu sita, watatu huku watatu kule, magoti yanagusana, usiku kucha hakuna aliyelala sawasawa isipokuwa bibi mmoja wa Kihungaria. Huyu bibi alikuwa na uzoefu, alivua viatu, akatoa gazeti akalitandika vizuri kwenye siti ya mbele yake maana aliyekuwa amekaa pale alishuka Vienna, akanyoosha miguu juu ya gazeti, akajifunika kitenge chake cha maua usoni, kimya mpaka asubuhi. Sisi wengine tunaangaliana. Usiku wa manane ukasikia ule mshindo wa mabehewa yanaunganishwa, gari zima linatikisika, nikakumbuka hapo Tabora wanavyokata mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanaendelea, na wewe baba ulivyokuwa unatuambia mtu aliyekaa behewa silo anaamkia mji sio. Nilitoka nikahakikisha namba ya behewa langu mara mbili.

Karibu na mpaka wa Uswisi wakaingia maafisa na tochi, chumba kizima wakaomba hati za mtu mmoja, mnajua ni nani. Nikatoa pasipoti na kadi ya kibali, wakaniuliza naenda wapi, nakaa siku ngapi, nina hela kiasi gani, nikajibu kwa Kijerumani wakarudisha wakaondoka. Sikasiriki tena, ila nimejifunza kuziweka kwenye mfuko wa shati sio kwenye begi, maana kufukua begi alfajiri mbele ya tochi unaonekana mwizi hata kama huna kosa.

Zürich sikukaa. Kebabu faranga 12, na zaidi! Mji una chemchemi za maji zaidi ya 1,200 mtaani, nikajaza chupa nikala mkate wangu wa Budapest nikapanda treni ya Chur.

Sasa mzee kaa vizuri.

Chur unashuka kutoka treni ya kawaida, unahamia jukwaa jingine kuna treni nyekundu ndogo ya kampuni ya mkoa ule inaitwa Rhätische Bahn. Nikaangalia chini. Upande huu reli pana ya milimita 1,435, upande ule reli nyembamba, na sehemu nyingine mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, ni ya chuma kama yale uliyokuwa unatuonyesha. Nikasema hii naijua. TT alipokuja kukagua pasi nikamuuliza upana gani hii, akasema mita moja kamili. Baba ni mita moja! Ileile ya reli ya kati. Nikamwambia mzee wangu kastaafu kwenye reli ya mita moja, ya Wajerumani, inatoka bahari ya Hindi mpaka ziwa Tanganyika, akauliza urefu wake, nikamwambia zaidi ya kilomita 1,200, akapiga mluzi, maana yao yote ukijumlisha na matawi haifiki 400. Akakaa kabisa siti ya pembeni kuniuliza maswali, milima ipo, umeme upo, mabehewa ya abiria mangapi. Mengine nilishindwa, natamani ungekuwepo.

Yule TT ndio akanieleza kwa nini waliichagua hiyo, milimani reli nyembamba inakata kona kali zaidi na gharama inapungua. Kipande cha kwenda St. Moritz kilikamilika 1904, wa kwetu wakaanza Dar 1905. Kuna daraja linaitwa Landwasser, urefu wa kwenda juu mita 65, limepinda alafu linaingia moja kwa moja kwenye tundu la mlima, hakuna nafasi ya kuhema. St. Moritz nikabadilisha kushika njia ya Bernina, ya 1910, hiyo inapanda mpaka mita 2,253, yani zaidi ya mita elfu moja juu ya Tabora, na haina meno katikati ya reli kusaidia kupanda, magurudumu matupu, kuna sehemu kila mita 100 inapanda mita 7. Wewe unajua hiyo maana yake nini, mimi nilikuwa naona tu watu wanashika chupa zisianguke. Juu kule kuna ziwa jeupe kabisa na barafu mlimani, mwezi wa sita jamani, nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho. Alafu inaanza kushuka upande wa Italia, na pale Brusio wamejenga duara la mawe la wazi, treni inazunguka inapita chini ya daraja lake yenyewe, ukichungulia dirishani unaona mkia wa treni uliyomo.

Watalii wenye hela wanapanda ile ya vioo mpaka darini na wanalipia nyongeza. Mimi nimepanda ya kawaida ya wanakijiji, reli ileile, pasi ileile, sijaongeza hata senti, na dirisha langu lilikuwa linafunguka. Nadhani mimi ndio nimefaidi.

Mwisho wake Tirano, treni inapita barabarani katikati ya magari mbele ya kanisa kubwa. Nikalala pale. Mama, wanakula ugali! Unga wa mahindi wamechanganya na nafaka nyingine nyeusi, rangi yake kama ugali wa mtama, ila wanausonga na siagi na jibini nyingi mpaka unavutika. Wanaita polenta taragna. Nilimaliza sahani, lakini bila mboga ya majani nilikuwa naona kama nimeibiwa.

Kurudi nilipitia Milano na Verona kwa treni za mikoani, zile Italia bei yake haibadiliki hata ununue dakika ya mwisho, nikavuka Brenner kuingia Austria, nikafika Kufstein mpakani mwa Ujerumani ambapo tiketi yangu ya mwezi inaanza tena kufanya kazi. Pale njiani treni ikachelewa tukakaa stesheni ndogo saa nzima, nikaokota chupa za plastiki zilizoachwa maana Ujerumani ukirudisha moja dukani wanakupa senti 25. Zilitosha kahawa.

Baba naomba uniambie vitu viwili, kona kali kuliko zote upande wa Kigoma iko wapi, na mlima mkali kuliko wote. Yule TT alinipa anwani ya barua pepe nikamwahidi kumjibu, na sitaki kumpa namba za kubuni. Dogo hela ya dawa za mama imeingia kwenye simu yako, katoe leo usingoje kesho, na picha za duara la Brusio nazituma usiku wifi ya bwenini ikitulia. Msalimieni mama mdogo na wote hapo Cheyo. Jumapili nitapiga.