Kabla ya kufomati, tuonyesheni diski imekufa wapi

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu wa Kadutu aliyeandika kwamba Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, "inaua diski" amenifanya nishike kalamu. Nina kiosko cha fotokopi na uchapaji hapa Nyawera, na kompyuta zangu zote zinatumia Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Sibishi kwamba mashini yake iligoma kuwaka baada ya kuwekewa Linux. Ninachobisha ni hukumu aliyopewa na fundi: diski imekufa, leta dola za diski mpya, au kubali tuifomati, yaani tufute vyote vilivyomo.

Hukumu hiyo nazidi kuisikia tangu Windows 10 iache kupewa masahihisho ya bure, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashini nyingi tunazonunua hapa zikiwa zimekwisha kutumika kwa watu hazina. Vijana wanaweka Linux, na wanafanya vizuri. Msomaji wenu aliiita mchezo wa wanafunzi. Ni kweli ilianza kwa mwanafunzi, Linus Torvalds wa Helsinki, mwaka 1991, lakini simu ya Android aliyonayo mfukoni nayo ina kiini hicho hicho.

Sasa tuangalie kinachoharibika ni nini. Kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, ule wa MBR, kipande cha kwanza kabisa kina baiti 512, na kati ya hizo ni 446 tu zinazobeba mwanzo wa GRUB, programu ya kuwashia. Mashini mpya zenye UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, hazitegemei kipande hicho, zinatafuta faili ndogo ndani ya mgawanyo wa FAT32, sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kwa njia zote mbili, TFC yako (kazi ya kumalizia masomo), picha za harusi na mahesabu ya kanisa vimekaa kwingine kabisa. Kufomati gigabaiti 500 kwa ajili ya baiti 446 ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama.

Mwanafunzi mmoja wa kilimo alikuja kwangu na mashini tupu. TFC yake juu ya mnyauko wa migomba kule Kabare ilikuwa imekwisha kuandikwa, imebaki kuchapwa. Alikuwa ameigawa diski upya, GRUB ikawa inatafuta mafaili yake mahali yalipokuwa zamani, isiyaone, ikasimama kwenye maneno "grub rescue". Fundi, ambaye simtaji, alisema diski imeoza, akafomati, akamlipisha. Lakini maneno hayo yenyewe yanasomwa kutoka kwenye diski! Iliyokufa kabisa isingeyatoa.

Kuna mashini inayowaka flash ikiwa imechomekwa tu, ukiitoa, kimya. Hapo GRUB iliandikwa kwenye flash badala ya diski ya ndani. Iwashe kwa flash hiyo hiyo, tumia amri ya grub-install ukiitajia diski ya ndani, kisha update-grub, basi. Kuna nyingine, za zamani zaidi, ambazo tarehe yake imerudi nyuma miaka na miaka. Betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3, imeisha, na kila umeme ukikatika mipangilio ya BIOS, programu ya ndani inayoamsha mashini, inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Jana mashini iliwaka kwa UEFI, leo inatafuta kwa njia ya zamani na kudai haina kifaa cha kuwashia. Hapa Bukavu, ambapo umeme unaondoka bila kuaga, mimi huitazama betri hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, unaweza kukuta kioo kimesimama kwenye neno initramfs. Mara nyingi dawa yake ni fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili kwenye diski. Ikiwa fsck inarudia kulalamikia sehemu zisizosomeka, au diski inagonga kwa ndani, hapo fundi ana haki, nunua nyingine.

Kinachowashinda vijana zaidi, na sijaona fundi akiwaeleza, ni kibodi. Sisi tunaandika kwa AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa. GRUB ikiwa katika hali ya uokoaji, ile ya "grub rescue", haiijui, inadhani kila kibodi ni QWERTY ya Kimarekani. Amri ya ls, ya kuorodhesha vilivyomo, inapita, kwa sababu l na s ziko mahali pamoja kwenye zote mbili. Unaielekeza GRUB ilipo folda ya boot, unafika kwenye insmod normal, amri ya kupakia sehemu ya GRUB iliyobaki, unabonyeza herufi zako vizuri kabisa, na kioo kinaandika nor;ql. Mtoto anaanza kusema mashini imeingiwa na virusi. Hapana. Ukitaka a, bonyeza penye Q. Ukitaka m, bonyeza penye alama ya mkato, kulia kwa N. Mkwaju (/) uko penye alama ya mshangao. Mabano ni Shift na 9, kisha Shift na 0, na tarakimu zinaandikwa bila Shift, kinyume cha tulivyozoea. Nimeona mashini ikiwaka kwa kujua hayo tu, mwenyewe akiwa ameshatoa pesa mfukoni za kununua diski.

Ombi langu kwa mafundi wa mji huu: kabla ya kufomati, washeni mashini kwa flash ya Linux, mchague kujaribu na siyo kusakinisha, kisha mfungulieni mwenye mashini folda zake aone kama zipo. Zikiwepo, zinakiliwe kwenye diski ya nje kwanza. Anayelipa ana haki ya kuona.

Na ninyi wa gazeti, chapisheni mchoro wa kibodi hizo mbili, moja juu ya nyingine, walau nusu ukurasa ili herufi zisomeke. Atakayeniletea ukurasa huo nitamtolea fotokopi bure, ila aje asubuhi, kabla umeme haujakwenda.

Mama wa fotokopi,
Nyawera, Bukavu